Mbegu ya Generoza na Kamati ya Ubunifu

Tangu mwaka wa Uhuru, Generoza, mjane aliyezaliwa katika kambi ya wakata mkonge, alikuwa akifanya jambo ambalo hakuna ofisi iliyomtuma. Kila mavuno alichagua mahindi yaliyotangulia kukomaa, akayafunga mawili mawili kwa maganda yake na kuyaning'iniza juu ya meko. Moshi uliyapaka masizi, fukusi hawakuyagusa. Baada ya miaka kumi na mitatu akawa na mbegu inayoiva kabla mto haujafurika na kuzamisha mashamba yetu ya Masanze. Sisi wengine tulivuna matope.

Mwaka 1974 tulihamishiwa katika kijiji cha ujamaa, na pamoja na kijiji ikaja Kamati ya Ubunifu wa Kilimo. Ilikuwa na mwenyekiti, katibu, mhuri na sera ya kurasa arobaini. Jembe haikuwa nalo. Vikao vinne vya mwanzo vilijadili rangi ya kibao cha ofisi.

Katibu alikuwa Urbanus, bwana shamba aliyevaa soksi nyeupe hata wakati wa masika, nawe pima mwenyewe alikanyaga mashamba mangapi. Siku moja alikwenda kwa Generoza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbegu yako tutaitunza kitaalamu ghalani. Msimu ujao kila kaya ipande."

"Ghala lenu lina moshi?"

"Mama, moshi ni mambo ya kizamani. Ghala ni la bati."

Generoza alisita. Lakini Urbanus alijua pa kumshika. Mkutanoni alimwita mtaalamu wa kijiji, nasi tukapiga makofi, mimi nikiwa wa kwanza, mpumbavu mkubwa. Mwanamke ambaye hakuwahi kusifiwa na mtu alitoa mahindi yote, hakubakiza hata moja. Kamati iliyapukuchua, ikayaosha masizi ili yawapendeze wageni kutoka wilayani, ikayatia kwenye magunia na kufunga mlango kwa kufuli.

Mvua za Novemba ziliponyesha, ghala lilifunguliwa. Magunia yalijaa vumbi la unga na fukusi. Generoza alizamisha mkono hadi kiwiko, akapekua gunia moja baada ya jingine, hakupata punje nzima. Yeye hakulia. Nililia mimi, kwa hasira.

Kamati haikukosa la kusema. Iliandika taarifa kwamba mbegu ya kienyeji imefanyiwa majaribio na kuonekana haina uvumilivu. Urbanus akampelekea Generoza karatasi hiyo aweke dole gumba, kuthibitisha kwamba ameshirikishwa.

Generoza aliipokea ile karatasi. "Hii nikiipanda leo," alimwuliza, "inaiva lini?"

Urbanus aliondoka na karatasi yake. Dole likapatikana kwingine, na wilaya ikatuma barua ya pongezi.

Machi mto ulifurika. Kwenye foleni ya unga wa msaada Generoza alisimama nyuma yangu, mara yake ya kwanza, na nilishindwa kugeuka kumwamkia.