Simu ya Mezani

Mama wa ofisi ya ajira hababaishwi na vyeti vya chuo. Huvipanga mezani kama karata bila kuvisoma, kisha chini ya meza hubonyeza simu yake ya mkononi ili ile ya mezani ilie. Mhitimu anayeipokea ameiva, anayebaki kuikodolea macho huagwa kwa sauti tamu, "Haya mwanangu, tutakupigia."

Leo simu ililia kabla hajabonyeza. Kijana aliyekaa mbele yake akaidaka, akasikiliza, akapunguza sauti. "Samahani mama, ni binti yako. Analia. Anasema leo tena kwenye usaili wamemwambia hayuko tayari kwa kazi."

Mama akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaifuta tena.

"Mwambie niko kikaoni," akasema kwa sauti ileile tamu, "nitampigia."