Watu Watatu Kwenye Njia ya Sirari

Nilitoka Nyamwaga kwa ajili ya mdogo wangu Ghati. Ameolewa Sirari, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imefikia siku zake. Alfajiri mama, aliyekuwa ametangulia huko kumwangalia, alinipigia simu akasema uchungu umeanza tangu jana na unakwenda polepole. Nikafunga unga wa ulezi kwa ajili ya uji wa mzazi, nikamwomba jirani anikamulie ng'ombe, nikaondoka.

Saa mbili asubuhi nilishuka Tarime mjini. Kabla sijapata gari la Sirari, simu ikaita tena. Sauti ya mama ilikuwa imebadilika. "Mtoto amekwama. Muuguzi amemwita daktari kutoka huko huko Tarime. Omba Mungu afike."

Nikiwa bado nimeshika simu, gari dogo lilisimama mbele yangu. Dereva alikuwa mwanamke, mkoba mweusi ameuweka mapajani. Nyuma alikaa Mzee Saidi, fundi wa ndala ambaye mji mzima unamjua.

"Dada, Sirari?" aliuliza yule mwanamke. "Ingia upesi. Nilikuwa natafuta mtu wa tatu."

"Shikamoo mzee," nilisema nikikaa.

"Marahaba. Funga mlango vizuri, daktari ana haraka."

Daktari! Nilimweleza nakwenda kwa nani. Alinitazama mara moja tu, akakanyaga mafuta. "Ndiye niliyeitiwa," alisema. "Na dakika kumi na tano zimeishia hapa stendi nikitafuta abiria."

Ninyi wa nyumbani ambao hamjapita huko karibuni mtashangaa kwa nini daktari aliyeitwa kwa haraka atafute abiria. Kipande kimoja cha barabara kinatengenezwa. Upande uliobaki umejaa malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Wanakijiji na madereva wamechonga njia ya vumbi pembeni, nyembamba, na kuweka kamba na mlinzi. Wakiruhusu kila gari, njia itaziba kabla jua halijapanda. Kwa hiyo walikubaliana: anapita mwenye watu watatu au zaidi, dereva akiwemo. Aliye peke yake hukaa nyuma ya malori. Ni sheria nzuri, kwa sababu inafanya watu wapakiane. Walichosahau ni kwamba daktari akiitwa huwa hana wa kupakiana naye.

Saa tatu kasoro tulifika kwenye kamba. Mlinzi, Mwita, mtu mpana mwenye kofia ya pama, aliinama dirishani.

"Mzee Saidi! Wewe tena? Jana nimekuhesabu mara tatu."

"Mara nne," alisema mzee. "Ile ya jioni ulikuwa unakula."

"Unaona? Abiria wa kuazimana hahesabiwi. Rudini nyuma ya malori."

"Mimi ni daktari," alisema dereva wetu. "Kuna mama amekwama na mtoto."

Mwita alicheka, lakini si kwa ubaya. "Juzi nimepitisha daktari hapa, koti jeupe mpaka magotini. Kumbe kwenye buti la gari kuna mbuzi analia."

Madereva wa malori waliangua kicheko. Mimi machozi yalikuwa yananitoka. Nilimpigia mama, nikasema, "Mpe muuguzi," kisha nikamwekea Mwita simu sikioni. Sijui aliambiwa nini. Niliona tu kicheko kinaondoka usoni mwake, akavua kofia kama mtu aliyeingia kanisani.

Akashusha kamba mwenyewe. Tulipopita nilimsikia akiwapigia kelele wa mbele, "Pisheni! Pisheni huyo!"

Kituo cha afya kiko karibu. Daktari aliingia chumba cha upasuaji hata mkoba hajaufunga. Mama na mimi tulikaa kwenye benchi, unga wa ulezi katikati yetu. Mzee Saidi, ambaye hakuwa na mgonjwa, alikataa kuondoka mpaka asikie.

Saa nne na nusu tukasikia mtoto akilia. Wa kike. Baada ya muda muuguzi alitoka akasema Ghati naye yuko salama, na mama akaanza kuimba Kikurya palepale.

Kesho yake mchana Mwita alikuja kumwona mtoto, amebeba mkungu wa ndizi. Daktari alikuwepo akimkagua Ghati, na muuguzi pia, basi wakakaa kibarazani nami nikawamiminia uji.

"Daktari, nisamehe," alisema Mwita. "Lakini nikipitisha koti, kesho Sirari nzima itavaa koti."

"Basi usiangalie koti," alisema muuguzi. "Nikimwita daktari, nakupigia na wewe. Nakutajia namba ya gari."

"Na akinipigia mwenye mbuzi?"

"Weka namba ya kituo kwenye simu yako. Ukipigiwa, kata, kisha piga wewe."

Mwita alifikiri, akanywa, akaomba uji mwingine. Siku hiyohiyo alikwenda kuwaeleza wenzake. Hakuna aliyepinga. Mtu mmoja tu alilalamika, Mzee Saidi: daktari amemkosesha usafiri.

Siku ya tano nilianza safari ya kurudi. Nilipata gari la kijana wa kijiji cha Susuni. Tulikuwa wawili tu, kwa hiyo Mwita alitusimamisha hata mimi, licha ya undugu wetu mpya. Tulipokuwa tunasubiri, simu yake iliita. Akakata, akapiga, akasikiliza. Muda si mrefu gari dogo lilitokea upande wa Tarime kwa kasi. Kamba ilikuwa imeshashuka. Daktari alipunga mkono akapita, viti vyote vya abiria vitupu.

Yule kijana dereva alitoa kichwa dirishani. "Mbona yule yuko peke yake?"

Nilitaka kumweleza yote, tangu mwanzo, kama nilivyowaeleza ninyi. Mwita aliniwahi.

"Mura, kijana wangu, hujui kuhesabu?" alimwambia, akiipandisha kamba. "Pale wapo watatu. Yeye, na mama, na mtoto. Wawili wametangulia, wanamsubiri."