Alama za Bombei Zilizokauka Baharini

Niliwahi kuamini, tena kwa kuapa, kwamba alama za chuo cha Bombei zikivuka bahari hupungua nusu, kama mbata ya nazi ikaukavyo njiani na kupungua uzito. Mimi karani wa mizani na mhitimu wa shule ya usiku, nani Kigombe nzima angenibishia?

Ilipokuja posa ya mpwa wangu Mwanaidi, shemeji alinipa cheti cha mposaji, kilichotoka chuo cha Bombei, nikikague. Sitini na mbili! Nikagawa kwa mbili mbele ya wazee.

"Thelathini na moja. Kaanguka huyu, rudisheni posa!"

Mwanaidi akaangua kilio nyuma ya pazia. Mshenga, mwalimu aliyesoma hukohuko Bombei, akakohoa.

"Bwana karani, hakigawanywi kitu. Sitini ya kule ni sabini ya Uingereza: daraja la kwanza."