Kokoto Nilizopeleka Kwenye Posa

Nasimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mdogo wangu Hamisi, maana yeye huitia chumvi, ingawa aibu ni ileile.

Hamisi alinituma mshenga kumposea Mwanaidi, kule Ruaruke, na kwa kuwa nafundisha jiografia Kibiti aliniomba jambo moja tu: "Kaka, ukifika usifundishe." Tukafika mapema, mimi na baba mdogo, wenyeji bado wanatandika mikeka, nikasema ninyooshe miguu hadi kijitoni (ningekaa kitako, mambo yangeisha salama).

Basi ng'ambo nikaona ukingo umekatika kama ngazi, na juu ya ngazi ile, mahali ambapo maji hayafiki hata masika, kokoto nyeupe za mviringo zimelala kwenye majani. Nikavuka mbio. Kila mwaka nafundisha kwamba ardhi ikiinuka mto huchimba kwenda chini, sakafu yake ya zamani ikabaki juu, kavu, na kokoto zilizolainishwa na maji ndizo shahidi, ila shahidi huyo sikuwahi kumwona kwa macho. Nikavua kofia nikaijaza. (Zilikuwa za ukubwa mmoja, zimefuata mstari, nami nikausifu mto kwa unadhifu.)

Nikarudi kichwa wazi. Baba mdogo alikwisha kuanza maneno ya posa, taratibu, kwa adabu zote, na aliponyamaza kuvuta pumzi tu nikamwaga kokoto mkekani mbele ya wazee, nikaeleza kwamba ardhi yao inapanda na kwamba zamani mto ulipita kulekule juu. Nilieleza vizuri, wallahi. Wakatazamana, nikadhani wameguswa.

Mzee Athumani, baba wa binti, akaokota moja akaigeuzageuza.

"Mwalimu, hapo haukupita mto. Hapo amelala babu yangu. Kokoto tulizitoa kijitoni sisi wenyewe, tukampambia kaburi."

Baba mdogo akafunika uso. Posa ikasimama, tukaongozana wote hadi kaburini, mimi mbele na kofia yangu, nikazirudisha moja moja huku wakininyooshea mstari, majirani wamejaa kutazama, kisha ikasomwa Fatiha. Nikajua nimemvunjia Hamisi ndoa.

Bibi yake Mwanaidi ndiye aliyenena kwanza.

"Mwacheni. Posa gani nyingine ilianza kwa kumzuru marehemu? Ila kwa kuwa mwenyewe amesema huku kwetu ardhi inapanda, na mahari nayo ipande."

Ikapanda kwa mbuzi mmoja, na aliyemnunua ni mimi. Siku ya harusi Hamisi aliniweka jikoni, mbali na wazee.

Ile ngazi yenyewe bado naamini ni kazi ya mto, lakini sijathubutu kurudi kuipima. Siku hizi nikiona kokoto za mviringo mahali pa juu, kabla sijainama natoa salamu kwanza, isije ikawa nimesimama ukweni tena.