Vijishipa vya Luhaga

Luhaga, seremala wa Igoma, alikuwa mtu wa mwendo mkali. Tangu amuoe Getruda hawakuwahi kutembea sambamba; yeye mbele, mkewe nyuma, mazungumzo yakisubiri hadi wafike.

Kisha maumivu ya kifua yakamshika akipiga randa ubao wa mninga. Akasema ni gesi. Yaliporudi yalimkalisha chini kwenye maranda, jasho likimtiririka, na Getruda akampeleka hospitali bila kumwomba ruhusa.

Daktari Kemilembe aliwaeleza taratibu. Mishipa inayoulisha moyo damu ilikuwa imeziba, tena mahali pembamba pasipofaa kuzibuliwa wala kupasuliwa.

"Basi nimekwisha," Luhaga alisema.

"Bado, mzee wangu. Njia kuu ikiziba, moyo unaweza kuotesha vijishipa vipya pembeni, damu ikapita huko. Meza dawa, na utembee kila siku. Kifua kikibana, simama upumzike. Kisipoachia, njoo haraka."

Asubuhi iliyofuata waliifuata barabara ya Musoma. Hawakufika mbali, kifua kikabana. Luhaga aliona haya kusimama pale, vijana wa gereji wakimtazama. Getruda akainama, akaanza kuhangaika na kamba ya kandambili yake, hadi pumzi za mumewe zilipotulia.

Kesho yake kandambili ikamsumbua tena. Na keshokutwa. Mwishowe Luhaga akasema, "Hicho kiatu hakina ubovu wowote."

"Najua," Getruda alijibu, bado ameinama.

Luhaga akacheka kidogo, akampa mkono kumwinua, na mkono ule hakuuachia. Tangu hapo alisimama bila haya, na kila waliposimama walizungumza. Siku moja alimtaja mtoto wao wa kwanza, waliyemzika akiwa mchanga.

"Nilidhani ulimsahau," Getruda alisema.

"Hapana. Sikujua pa kuanzia."

Miezi ikapita, kusimama kukapungua. Vipimo vikaonyesha moyo unapata damu zaidi.

"Ni vile vijishipa?" Getruda aliuliza.

"Dawa zimesaidia, na huenda navyo vimeota," daktari akasema. "Msiache kutembea."

Jumapili moja, baada ya ibada, walifika Kisesa kwa Dorcas, dada yake Getruda. Dorcas akachungulia barabarani.

"Gari limewashusha wapi?"

"Hatukupanda," Luhaga alisema, akivuta stuli mbili na kuzisogeza pamoja. "Tupe maji ya kunywa, shemeji."