Mhadhara Uliohamia Harusini

Vaileth, mkufunzi wa uraia katika chuo kidogo cha Mbagala, ndiyo kwanza alikuwa ameanza mhadhara wake darasani kuhusu haki alizonazo mwananchi kwenye mkutano wa mtaa, pale harusi ya jirani ilipofungulia muziki wa singeli. Wanafunzi wakaanza kutikisa mabega. Akatoka kwenda kuomba wapunguze sauti.

"Sista, sie hatupunguzi," mshereheshaji akacheka, akimkabidhi maiki. "Njoo uwafundishe huku huku!"

Vaileth akaichukua kweli. Wanafunzi wakamfuata na viti vyao, naye akahutubia chini ya turubai, kando ya keki.

"Kwa hiyo hata mie naweza kumuuliza mwenyekiti wa mtaa taa zetu zitawaka lini?" bibi harusi akapaza sauti.

"Unaweza, na anatakiwa akujibu."

"Basi yule pale, anakula pilau!"

Turubai zima likalipuka kwa vigelegele. Mwenyekiti akanyanyuka, mdomo umejaa, akaahidi kuitisha mkutano Jumamosi. Singeli ikarudi kwa kishindo, na Vaileth, ambaye alikuwa hajawahi kucheza mbele ya wanafunzi wake, akavua viatu.