Ciakuthii Hajakosa Hata Siku Moja

Mimi ni mwongo, na Kangeta nzima inajua. Niliwahi kuwaambia watu kwamba chui aliingia jikoni kwangu, akaonja githeri, akaitema kwa sababu ya chumvi. Wengine waliniuliza kama alikuwa dume au jike. Kwa hivyo binti yangu Ciakuthii alipopatikana na kansa ya titi, na daktari wa Meru mjini akasema atatundikiwa dripu mara sita, moja kila wiki tatu, kazi yangu ilijulikana. Yeye angeenda hospitali. Mimi ningeenda kumdanganyia.

Wa kudanganywa alikuwa Jawahir, mwenye kibanda cha miraa. Ciakuthii amemfungia Jawahir miraa miaka kumi na mmoja. Anakalia gunia lake, anapanga vijiti, anakaza kamba ya mgomba, anaviringisha na jani, na saa nane gari linaondoka. Miraa ikilala imekuwa kuni. Ukikosa kuja, gunia lako linakaliwa na mwingine. Mbona hatukusema ukweli? Tuliona ya Njoki, aliyekuwa mfungaji pale pale kibandani. Njoki alisema ukweli kuhusu mguu wake uliovimba. Wakamwombea vizuri sana, wakamchangia unga, wakamwambia apumzike. Anapumzika mpaka leo.

Mume wa Ciakuthii, Munene, ni askari wa geti huko Embu, mtaa wa Majimbo. Huja mwisho wa mwezi na mkate na usingizi. Watoto ni wawili: Joyline yuko sekondari, na Kinyua bado ananyang'anyana mahindi na kuku. Wote wanalishwa na lile gunia.

Mara ya kwanza nilimwambia Jawahir kwamba ng'ombe wetu ametumbukia kwenye choo cha shimo, na ni Ciakuthii peke yake anayejua kumbembeleza.

"Shosho, ng'ombe alitosha vipi kwa choo?"

"Alikonda kwanza."

Alicheka mpaka mtandio ukamtoka. Nikapewa siku tatu. Siku hizo tatu binti yangu alitapikia nyuma ya zizi ili Kinyua asisikie, kisha akarudi kupika akiwa ameegemea ukuta. Mara ya pili nilimuua shangazi ambaye alishakufa mwaka wa uhuru. Nywele za Ciakuthii zikaanguka zote. Akafunga kilemba, akarudi kazini na vidole vimekufa ganzi.

Mara ya tatu akaniambia, "Mama, usiende. Nimeongea na Jawahir mwenyewe."

Jioni alirudi, akanionyesha kadi yenye muhuri. Mimi shule niliijua nikipita nje na mbuzi. Niliigeuza ile kadi juu chini, nikamrudishia. Hakutapika. Alimaliza ugali wote. Mara ya nne vilevile. Nywele zikaanza kuota, laini kama za mtoto mchanga. Nilizipapasa nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka jirani akaja kuuliza nani amefiwa.

Siku ya dripu ya tano niliamka na uongo mtamu sana, wa nyuki na pasta, na niliona uchungu kuupoteza bure. Nikaenda kibandani bila kutumwa.

"Jawahir mwanangu, leo usimngoje Ciakuthii. Nyuki wamemvamia pasta akiwa..."

"Shosho, Ciakuthii yuko ndani."

"Ndani wapi?"

"Hapo nyuma, anafunga. Wallahi, tangu mzike yule shangazi, huyo hajakosa hata siku moja."

Nikapita nyuma. Alikuwa juu ya gunia, amenipa mgongo. Hakushtuka.

"Umekuja na uongo gani?"

"Wa nyuki."

"Ungeuweka."

"Ciakuthii, umeruka dripu ngapi?"

"Hii ni ya tatu." Akaivuta kamba kwa meno, kwa sababu vidole havikuweza. "Nikitundikiwa nalala siku tatu. Kuna msichana wa Ruiri, kila asubuhi anasimama pale mlangoni akiangalia gunia langu. Nikae nyumbani nitibu titi, watoto wale nini? Titi?"

"Na kadi uliyokuwa ukinionyesha?"

"Ya kliniki ya Kinyua."

Nilitaka kumchapa. Nilimchapa mara ya mwisho akiwa darasa la sita. Badala yake nilikaa chini kwenye majani ya migomba nikalia, na wafungaji wengine wakadhani pasta amekufa.

Kesho yake nilimpeleka hospitali mwenyewe, nimemshika mkono kama mwizi. Daktari akauliza alikuwa wapi wiki hizo zote. Tukajibu kwa pamoja: yeye akasema mvua, mimi nikasema mazishi. Daktari akaweka kalamu chini. Akampima, akampeleka kupigwa picha, akatuambia turudi baada ya wiki moja. Tuliporudi alivuta kiti akakaa karibu nasi, na hapo nikajua. Uvimbe ulikuwa umekua na umeshafika kwenye ini. Alisema kuna dawa nyingine ya kutundikiwa, lakini hiyo haiponyi. Inasogeza siku tu. Hakutugombeza. Afadhali angetugombeza.

"Hiyo nyingine," Ciakuthii akauliza, "inalaza mtu siku ngapi?"

Daktari akasema, "Inategemea, mama."

Tulimpigia Munene simu tukiwa getini. Akasema ataomba ruhusa, wakikataa atakuja mwisho wa mwezi.

Ilikuwa inakaribia saa sita. Ciakuthii alitazama jua, akaniambia tukiharakisha tutalipata gari la Jawahir halijaondoka. Nilimwambia twende nyumbani akalale. Alikuwa ameshatangulia.

Tulipofika, msichana wa Ruiri alikuwa juu ya gunia. Alipotuona akainuka mwenyewe, akajipangusa sketi. Ciakuthii akakaa, akavuta jani, akaanza. Vifungo viwili vya kwanza vilimfungukia mkononi. Jawahir alituangalia wote wawili, na mimi sikumletea uongo wowote. Nikakaa karibu na mwanangu, nikawa nampasulia kamba.